Siku moja baharini Durban: mjini, Umhlanga au Bluff?

Shemeji yangu amezaliwa Pangani, na kuogelea alijua kabla ya kujua kusoma. Siku ya pili tangu afike Durban alivua shati pale North Beach, akaingia majini nje ya bendera za waokoaji kwa kuwa ndani ya bendera aliona watu wamesongamana. Dakika chache baadaye nilikuwa naona kichwa chake tu, kinakwenda kando ya jeti kuelekea nje, mikono inapiga maji na mwili hausogei pwani hata hatua moja. Waokoaji wawili walimfuata kwa ubao. Alipofikishwa mchangani alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Shemeji, haya maji yanavuta."

Tangu siku ile kila mgeni wangu kutoka nyumbani namweleza jambo hili kabla hajafungua begi. Bahari ni ileile ya Hindi, tena maji yenyewe ya uvuguvugu hushuka kutoka upande wa Msumbiji. Tofauti ni mwamba. Sehemu nyingi za mwambao wetu tunaogelea nyuma ya mwamba. Wimbi kubwa huvunjika mbali huko, na linalofika pwani limekwishachoka. Durban haina kinga hiyo. Wimbi lililozaliwa na dhoruba kusini ya mbali linafika mchangani na nguvu zake zote. Ndilo linalowaleta wenye mbao za kuteleza mawimbini kutoka pande zote za dunia, na ndilo lililotaka kumchukua shemeji. Kwa hiyo mtu akiniuliza "twende ufukwe upi?", sianzi kwa kutaja ufukwe. Nauliza anakuja na nani, na wataamka saa ngapi.

Saa kwanza, ufukwe baadaye

Saa za Afrika Kusini ziko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja, na mchana wake haufanani na wetu. Desemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama karibu saa moja usiku. Juni huchomoza kama saa moja kasoro dakika kumi, na ikifika saa kumi na moja na dakika chache jioni limeshazama. Mtu aliyezoea kwenda Coco Beach saa kumi jioni jua likishapoa, akifanya hivyohivyo Durban mwezi wa Juni atakuta siku imekwisha. Na kwenye ufukwe wa mjini kuna jambo jingine: hoteli ndefu zimejipanga upande wa magharibi, hivyo alasiri kivuli chake hulala juu ya mchanga wakati jua bado lipo. Watoto wakitoka majini wanatetemeka.

Halafu upepo. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, asubuhi bahari imetulia na upepo mwanana unatoka bara. Kwenye saa nne au saa tano huamka upepo wa kaskazini-mashariki, kaskazi kabisa, unavuruga mawimbi, unarusha mchanga machoni, na siku nyingine unasukuma yavuyavu wa buluu mpaka ufukweni. Hao nyuzi zao huchoma kama moto. Akiguswa mtoto msimsugue, mwosheni kwa maji ya bahari na mmpeleke kwa waokoaji. Miezi ya baridi, Mei hadi Agosti, mvua ni haba, asubuhi upepo ni wa bara na mawimbi ya kusini huja yamenyooka. Wenye mbao huisubiri miezi hiyo mwaka mzima. Maji hushuka hadi nyuzi 20 au 21, ilhali miezi ya joto hufika 24 hadi 26. Mimi huingia hata Julai, lakini mama yangu alipokuja aliishia vifundoni.

Kwa ufukwe wowote kati ya hii mitatu, wa mjini, wa Umhlanga au wa Bluff, basi, siku yako ianze asubuhi. Anayefika saa moja asubuhi anakuta bahari tofauti na ya anayefika saa sita.

Mjini: kilomita 8 ambazo si ufukwe mmoja

Watu husema "beach ya Durban" kana kwamba ni sehemu moja. Ukianza kwenye mdomo wa bandari pale Point hadi mto uMngeni unapoingia baharini, ni kama kilomita 8 za njia pana ya miguu na baiskeli, na kila kipande kina tabia yake. Hapa ndipo uchaguzi wenyewe ulipo, kuliko hata kati ya mjini na Umhlanga.

Mwisho wa kusini, mbele ya uShaka, bustani ya wanyama wa baharini, kuna Vetch's. Ni mabaki ya ukuta wa mawe ulioanza kujengwa karne ya 19 ili kukinga bandari, ukaachwa kabla haujakamilika. Sasa umelala chini ya maji na kufanya kazi ambayo kwetu hufanywa na mwamba: unapunguza wimbi. Maji ya ndani yake ni tulivu, samaki wapo, na mwenye miwani ya kuzamia anaweza kuchungulia asubuhi nzima. Mtoto wa Tanga au Mombasa akiletwa hapa anajisikia nyumbani. uShaka yenyewe, iliyofunguliwa 2004, ina samaki, pomboo na michezo ya maji, na kuingia ni kwa kulipia. Ufukwe ulio mbele yake ni bure, kama fukwe zote nitakazozitaja.

Ukisogea kaskazini unafika Addington, mbele ya hospitali yenye jina hilohilo, kisha South Beach. Mawimbi hapa ni ya kiasi, na shule za kufundisha kuteleza kwa ubao ziko upande huu. Kwa mtu ambaye hajawahi kusimama juu ya ubao, somo lake la kwanza liwe hapa. South Beach ndiyo yenye watu wengi kuliko kote. Kuna vibwawa vya watoto kando ya njia, kuna wale wavuta rikisho wa Kizulu wenye vilemba vya pembe na shanga (patana bei kabla ya kupanda, na hata kabla ya kupiga picha), kuna wachonga sanamu za mchanga. Jumapili utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Kariakoo ndani ya hatua mia moja, maana wengi wetu tunaishi karibu, Point na Albert Park. Mgeni aliyechoka kusema Kiingereza siku nzima atapumzika hapa.

North Beach, Dairy na Bay of Plenty ni mtaa mwingine kabisa. Jeti zimeingia baharini, na mchanga unaojikusanya kando yake ndio unaojenga wimbi zuri. Bay of Plenty yalifanyika mashindano ya kimataifa ya kuteleza kuanzia 1969, na mtoto wa mji huu, Shaun Tomson, aliyekulia kwenye mawimbi hayo, akawa bingwa wa dunia mwaka 1977. Siku hizi wimbi linalosifiwa zaidi liko New Pier. Hata kama huna nia ya kugusa ubao, panda juu ya jeti asubuhi usimame. Wanaoteleza hupita chini yako, karibu kiasi cha kuona kama wanatabasamu. Katika mji huu sijapata burudani ya bure inayoshinda hiyo.

Lakini jeti ndizo zilizomponza shemeji. Maji yanayoletwa na mawimbi ni lazima yarudi, na hurudi kwa njia rahisi, ambayo mara nyingi ni kando ya jeti. Wenye mbao huupanda mkondo huo kwa makusudi uwafikishe nje bila kuchoka. Mwogeleaji asiyeujua huona maji yametulia pale, hakuna povu, akadhani ndipo salama. Ishara ni hiyohiyo ya utulivu: kichochoro cha maji meusi kati ya mawimbi meupe. Ukichukuliwa, usishindane nao. Elea, nyoosha mkono juu, na kama una nguvu ogelea sambamba na pwani hadi utoke ndani yake, ndipo urudi. Na usifike huko: ogelea kati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano. Huhamishwa kadiri bahari inavyobadilika, hivyo mahali palipokuwa salama jana si lazima pawe salama leo. Waokoaji wakiondoka jioni, toka majini.

Mbele zaidi kuna Battery na Suncoast, ambapo mchanga ni mpana na watu ni wachache, na uwanja wa mpira wa Moses Mabhida wenye tao la mita 106 hauko mbali kwa miguu. Blue Lagoon, kwenye mdomo wa mto, ni pa kukaa na kuchoma nyama. Kuogelea pale siwashauri.

Siwezi kutembea njia hii bila kukumbuka kwamba zamani ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Palikuwa na mabango, kwa amri ya sheria ndogo za ufukwe, yakisema eneo hili la kuogelea ni la watu weupe peke yao. Yalikuwepo hadi 1989. Mtu wa umri wangu wa hapa Durban anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ambapo mama yake hakuruhusiwa kulowesha miguu. Siku ya mwaka mpya, familia zikijaa kutoka vijijini mpaka mchanga hauonekani, wageni wengine hulalamikia msongamano. Mimi naona watu waliochukua kilicho chao. Ila kwa ushauri wa safari: kama unataka nafasi, epuka tarehe 26 Desemba na 1 Januari, na kama utakuja siku hizo na watoto, andika namba yako ya simu kwenye mkono wa kila mmoja.

Umhlanga: pazuri, ila maji yake yana hasira

Umhlanga iko kaskazini, kama kilomita 18 kutoka katikati ya mji. Ina mnara wa taa mwekundu na mweupe wa mwaka 1954, ina njia ya kando ya bahari ya kama kilomita 3, mikahawa imejipanga, mitaa ni misafi na ulinzi uko wazi machoni. Kwa picha za harusi na kwa wazee wanaotaka kutembea polepole kisha kukaa mahali penye kivuli na chai, hapana mpinzani. Ni pazuri pia kwa siku ya kuondoka: uwanja wa ndege wa King Shaka uko kaskazini zaidi, kwa hiyo ukiwa na ndege ya jioni unakuwa umeshapunguza njia.

Kwa kuogelea naiweka chini ya mjini, na najua wenyeji wengi wa huko watanibishia. Ufukwe una mteremko mkali, wimbi linapasukia mchangani papo hapo, na miamba ipo. Mtu anasimama maji ya magotini, wimbi moja linampiga chini, la pili linamkuta bado hajainuka. Maji yakipwa, vidimbwi vya miambani vinabaki na kaa na visamaki, na watoto wadogo hufurahia hapo kuliko kwenye wimbi lenyewe. Angalia ratiba ya kupwa na kujaa kabla ya kwenda, ingawa usitegemee bahari ikimbie mbali kama Jambiani. Huku kupwa ni kwa kiasi, hata bamvua. Gharama ya chakula nayo iko juu. Familia ya watu sita itakayokula mkahawani Umhlanga ingeshiba mara mbili mjini.

Bluff: unaiona, lakini lazima uzunguke

Ukisimama Point unaona ng'ambo ya mdomo wa bandari kilima kirefu cha kijani. Hiyo ndiyo Bluff. Hakuna daraja; ni kuzunguka bandari yote kwa gari, na bila gari la mtu au teksi ya simu sikushauri. Ukifika, unapata fukwe za Anstey's na Brighton, watu wachache, na mabwawa yaliyojengwa kando ya bahari ambayo hujazwa na maji yanapojaa. Kwa mtu asiyejua kuogelea vizuri lakini anataka maji ya chumvi hasa, bwawa la namna hiyo ni zawadi. Papo hapo Brighton kuna Cave Rock, wimbi zito linalovunjikia juu ya mwamba. Hilo ni la mabingwa. Litazame kutoka nchi kavu. Kati ya Juni na Novemba, ukibahatika, nyangumi hupita, na ajabu ni kwamba upande huuhuu wa kilima palikuwa na kiwanda cha kuchinja nyangumi hadi 1975.

Kuna sababu nyingine ya Mswahili kwenda Bluff, na kwangu ndiyo kubwa. Mwaka 1873 meli ya Waingereza ilileta Durban kundi la kwanza la watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kupitishwa Zanzibar. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, Waislamu, na walikuja kukaa King's Rest, upande wa Bluff unaotazama bandari. Wenyeji waliwaita Wazanzibari, na jina hilo wanalo hadi leo. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipata taabu kujua uwatie sanduku gani. Ukawaorodhesha kuwa "Waasia wengine", na miaka ya 1960 ukawahamisha kwenda Chatsworth, mbali na bahari. Hutakuta kituo cha watalii cha kukusimulia haya. Lakini ukikaa Brighton unakula chungwa, ni vizuri kujua kwamba kilima hiki kilishawahi kuwa na watu walioijua pwani yetu.

Papa, na maji machafu

Wageni huniuliza sana kuhusu papa, na huuliza kidogo mno kuhusu maji machafu. Wangegeuza.

Kati ya 1943 na 1951 watu saba waliuawa na papa Durban. Nyavu zikawekwa 1952, na tangu hapo hakuna aliyeuawa na papa kwenye fukwe za mji huu zenye nyavu. Kila wavu una urefu wa kama mita 213 na kina cha mita 6, umetandazwa sambamba na pwani. Haufungi bahari, papa anaweza kupita pembeni au chini yake. Kazi yake ni kupunguza idadi ya papa wanaokaribia, na kwa huzuni huua kasa na pomboo pia. Wakati wa msafara wa dagaa wakubwa, Juni na Julai, nyavu huondolewa, na kuogelea hupigwa marufuku mahali hapo kwa muda. Ukikuta bango, litii.

Maji machafu ni shida ya siku nyingi zaidi. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili na kuvunja mitambo ya majitaka, na tangu hapo fukwe za mjini na Umhlanga zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa sababu ya vijidudu vya kinyesi. Manispaa hutangaza matokeo ya vipimo. Yasome asubuhi ya safari, ufukwe kwa ufukwe, kwa kuwa mmoja unaweza kufungwa na jirani yake ukawa wazi. Mvua kubwa ikinyesha, mimi huwaweka watoto nje ya bahari siku mbili kamili hata kama hakuna bango, na kaa mbali na midomo ya mito na mifereji siku zote.

Ningekupeleka wapi

Ukija na watoto au na mtu asiyejua kuogelea, tunakwenda uShaka upande wa Vetch's, hakuna mjadala. Ukija na kijana anayetaka kujifunza ubao, Addington saa moja asubuhi. Wazee peke yao, Umhlanga, wakiwa na viatu vya kutembelea. Mtu aliyekwisha kuiona Durban mara mbili tatu na anataka utulivu, Bluff, siku ya kazi.

Ukiwa na siku moja tu na hujui uamue nini, chukua mjini. Uwe mchangani saa kumi na mbili na nusu, au jua linapochomoza kama ni Juni. Simama kwenye jeti ya North Beach uwatazame wanaoteleza, kisha tembea kusini hadi Addington jua likipanda, uogelee kati ya bendera. Njoo na pesa kidogo, simu moja kwa familia nzima, na mtu mmoja abaki na mabegi kwa zamu. Vitu vilivyoachwa peke yake hupotea haraka. Pombe ufukweni hairuhusiwi. Mama au dada aliyevaa buibui asihofu kutazamwa, Waislamu ni wengi mjini hapa na asubuhi utakuta wenzake wameshafika. Paka losheni ya jua hata kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu. Jua la Januari huku hubabua pua.

Upepo ukianza kurusha mchanga, kwenye saa tano, msing'ang'anie. Kusanyeni taulo mwende mtaa wa Grey, siku hizi Dr Yusuf Dadoo, karibu na msikiti wa Juma, mle bunny chow: robo ya mkate iliyotobolewa ndani ikajazwa mchuzi wa mbuzi au maharage. Ni chakula cha Wahindi wa Durban, ambao wazee wao walianza kuletwa kwenye mashamba ya miwa mwaka 1860. Kinaliwa kwa mkono, na halali utaipata kila kona. Agizeni ya maharage moja kwa watoto, ya mbuzi ina pilipili.